Kanga Ndani ya Kanga

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
Mtaa wa Biashara, saa nne na robo,
Bi Syombua anatua mzigo mezani kwangu
na kabla salamu hazijaisha ananiuliza: "Ngapi?"

Nafungua fundo. Ndani ya kanga, kanga:
ndege, kichwa chini, mguu mmoja umefungwa,
bawa limelegea kama mlango usio na komeo.
Pembeni bunduki imeegemea ukuta,
na mbwa, nusu yake tu, anasubiri kusifiwa.

Natoa lenzi. Hii ndiyo kazi yangu: kushuku.
Nashuku fremu, mbao za kwao, misumari ya hapa.
Nashuku sahihi, R na nukta, na jina lililoliwa na unyevu.
Nashuku mwaka, elfu moja mia tisa ishirini na saba.
Ila madoa ya manyoya sina la kuyashuku:
mtu huyu aliketi akayahesabu.
Kila tone jeupe lina kivuli chake,
mtama uliomwagika juu ya kaniki.

"Baba alipewa," anasema, "bwana alipokuwa anarudi kwao.
Alimdai mshahara wa miezi minane, akalipwa picha.
Tuliitundika juu ya debe la unga, Mbotela,
mama akisema angalau tuna nyama ukutani."

Nazima taa. Nawasha ile ya zambarau.
Vanishi inang'aa kijani kama maji ya bwawa,
isipokuwa pale juu, penye msumari unaomshika ndege:
hapo pana giza, kiraka,
rangi iliyokuja baadaye.
"Niguse?" Anaitikia kwa kidevu.
Pamba na mate kwanza (usicheke,
moshi wa jikoni wa miaka sitini hauna dawa nyingine),
kisha dawa yenyewe, tone moja.
Msumari unayeyuka.
Chini yake, kidole gumba.
Halafu kingine, halafu kifundo cha mkono,
mkono mweusi unaomshikilia ndege hewani,
na umechoka, hata kwa rangi umechoka.

Nimepata hadithi, nawaza, na hadithi hupandisha bei.
Namgeukia nikitarajia machozi.
Anainama, anatazama, anacheka.
"Huo si wa babangu. Babangu alikuwa mashoto.
Labda ni wa Mulatya, aliyekuwa akilisha mbwa.
Na huyo ndege alinuka, uliandike hilo.
Siku tatu walimshikilia.
Siku ya tatu bwana anachora, leso puani,
na aliyemshika hakuwa na mkono wa kuziba yake."

Fomu yangu haina safu ya harufu.
Ina urefu, upana, hali, asili, thamani.
Naandika bei mbili: moja ya msumari, moja ya mkono.
Ya mkono ndiyo kubwa. Zamani ingekuwa kinyume;
mnada nao una misimu yake.
Yupo mnunuzi ng'ambo, namwambia, anayekusanya ndege wa mawindo.
"Kanga hazai ugenini," anajibu,
nami nashindwa kujua kama anakataa au anapandisha.

Anazisoma tarakimu, sifuri kwa sifuri,
kidole kikitembea juu ya karatasi.
Anaikunja fomu, anaitia kifuani.
Kisha anafunga, pembe juu ya pembe,
fundo jipya juu ya mguu uliokwisha fungwa.
Maandishi ya kanga yamekunjika nyuma ya fremu,
naona nusu tu: NAIJUA MWENYEWE.

Mlangoni anageuka.
"Ukiendelea kusafisha, mkono utafika wapi?"
"Begani. Pengine hata uso."
Chini vyerehani vinapiga, vinanyamaza, vinapiga.
"Basi nitarudi Jumanne," anasema,
"nimuulize dada kwanza
kama Mulatya aliacha watoto."